Jikoni kwa Delia: dhana potofu kuhusu sinema ya Italia ya leo

Hapa Malindi Kiitaliano hakisubiri darasa. Kijana anayeuza vinyago ufukweni anataja bei zake kwa Kiitaliano bila kukwama, na mikahawa ya pizza tumekua tukiiona. Kwa kuwa tumezoea kuwaona Waitaliano wakiwa mapumzikoni, tumejijengea picha ya Italia ya jua, chakula na mahaba, kisha juu yake tukabandika bunduki za mafia tulizozitazama kwenye televisheni. Kila nikizitaja barazani filamu zao za miaka hii ishirini na kitu, napewa majibu yale yale. Leo nayajibu, maana filamu hizi nazipenda na naona tunazikosa bure.

“Filamu ya Kiitaliano ni filamu ya mafia”

Ile filamu ya mwaka 1972 ya ukoo wa Corleone, ambayo ndiyo inayotajwa kwanza, ni ya Kimarekani: studio ya Marekani na mwongozaji Mmarekani. Waitaliano wenyewe wanapoigusa mafia, mara nyingi huanzia mezani pa familia. Chukua I cento passi ya Marco Tullio Giordana, ya mwaka 2000. Inasimulia maisha ya Peppino Impastato wa mji wa Cinisi, Sisilia, kijana ambaye baba yake mwenyewe alikuwa na uhusiano na mafia. Jina la filamu lina maana ya “hatua mia moja”, umbali kutoka mlango wa nyumba yao hadi mlango wa Gaetano Badalamenti, mkubwa wa mafia wa hapo. Peppino alifungua redio ndogo na kuwadhihaki wakubwa hao hewani, hadi alipouawa usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 1978. Mimi mauaji yenyewe sikuyabeba moyoni kama nilivyobeba tukio moja la usiku: Peppino anamkokota mdogo wake barabarani, anahesabu hatua kwa sauti, moja, mbili, tatu, kuelekea mlango ambao mji mzima unaupita kimya.

“Filamu za historia ni za vita na wanasiasa”

Siku hiyo hiyo, 9 Mei 1978, mwili wa Aldo Moro ulikutwa ndani ya gari jekundu aina ya Renault 4 katikati ya Roma. Moro alikuwa amewahi kuwa waziri mkuu, na alitekwa na Brigate Rosse, kundi la wapiganaji wa mrengo wa kushoto, tarehe 16 Machi baada ya walinzi wake watano kupigwa risasi. Alishikiliwa siku 55. Mwongozaji Marco Bellocchio, aliyezaliwa mwaka 1939 na bado anafanya kazi, aliirudia habari hiyo mwaka 2022 katika Esterno notte, yenye sehemu sita. Angeweza kukaa na mawaziri na polisi tu. Ametenga sehemu nzima kwa Eleonora, mke wa Moro, aliyeigizwa na Margherita Buy, mwanamke anayepokea wageni wa serikali sebuleni huku akijua hawamwambii kitu. Na historia inamuunga mkono: Moro aliandika kwamba hataki wakubwa wa serikali kwenye mazishi yake, familia ikamzika faraghani, na serikali ikafanya misa yake ya heshima, Papa Paulo wa Sita akihudhuria, bila mwili wa marehemu. Sioni namna nyingine ya kulieleza pengo kati ya nyumba ile na dola ambalo lingenichoma zaidi ya hilo.

Giordana huyo huyo alifanya La meglio gioventù mwaka 2003, saa sita za ukoo wa akina Carati kuanzia mwaka 1966. Mafuriko ya Florence, hospitali za wagonjwa wa akili kabla ya sheria ya mwaka 1978 iliyoamuru zifungwe, mama kijana anayemwacha mtoto na kujiunga na wapiganaji wa chini kwa chini: yote tunayaona kupitia ndugu wawili. Saa sita zinatisha, najua. Igawanye kwa siku mbili.

“Mapenzi yao ni pikipiki za Vespa na machweo”

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo tunapokosea zaidi. Talaka iliruhusiwa kisheria Italia mwaka 1970. Hadi mwaka 1981, mwanamume aliyemuua mke, binti au dada yake kwa madai ya kutetea heshima ya ukoo alipunguziwa adhabu, na mbakaji aliweza kukwepa kesi kwa kumwoa aliyembaka. Mwaka 1981 si zamani za kale. Waandishi wa filamu za leo walilelewa na mama na bibi waliozijua sheria hizo.

Mwaka 2023 Paola Cortellesi, mwigizaji aliyezoeleka kwa vichekesho, aliongoza filamu yake ya kwanza, C'è ancora domani, yaani “Kesho bado ipo”, naye akaigiza kama Delia. Amesema alichota kwenye masimulizi ya bibi zake. Tuko Roma, Mei 1946, na askari wa Kimarekani bado wako mitaani. Delia anaamka, anamwamkia mumewe Ivano, na jibu analopewa ni kofi. Kisha anainuka na kuanza siku kama vile hakikutokea kitu. Anachoma sindano wagonjwa majumbani, anarekebisha nguo, anatengeneza miavuli. Kule kwenye miavuli anamfundisha kazi kijana aliyeajiriwa juzi, halafu anagundua kijana analipwa zaidi yake. Anauliza sababu. Anaambiwa: yule ni mwanamume.

Kuna watu wamemlaumu Cortellesi kwa kuonyesha kipigo kama dansi: Ivano anapompiga, muziki unapanda na wawili hao wanazunguka kama wacheza waltz. Mimi naona amefanya sawasawa. Kipigo cha nyumba ile kina mpangilio wake, kila mmoja anajua hatua inayofuata, na watoto wanajua wakati wa kuondoka chumbani. Dansi ile imenionyesha mazoea, jambo ambalo damu isingenionyesha.

Niliitazama na shangazi yangu. Kiitaliano chake ni cha salamu, na maandishi ya chini hakuyahangaikia. Alipomwona Delia anaficha noti, kidogo kidogo, akasema, “Huyo anatafuta nauli.” Alipotokea Nino, fundi magari aliyempenda Delia zamani na sasa anataka kuhamia kaskazini, shangazi akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameshamaliza hesabu. Na ilipofika barua ambayo Delia anaificha mumewe asiione, hata mimi niliyejua mengi nikakubali: anatoroka na fundi.

Asiyetaka kujua mwisho aruke hadi dhana inayofuata. Barua ile ni kadi ya kupigia kura. Tarehe 2 Juni 1946 Waitaliano waliamua kati ya ufalme na jamhuri, na ilikuwa mara ya kwanza wanawake kushiriki kura ya taifa zima. Baadhi ya miji ilikuwa imewaruhusu katika kura za mitaa miezi michache nyuma. Asubuhi hiyo ya Jumapili baba mkwe wa Delia anakutwa amekufa, nyumba inajaa waombolezaji, naye hawezi kutoka. Lakini kura ilipigwa siku mbili, Jumapili na Jumatatu. Kesho bado ipo. Kadi anaiangusha akikimbia, na anayemfuata nayo mbio hadi kituoni ni binti yake Marcella, yule yule aliyekuwa akimdharau mama kwa kuvumilia.

Kwenye foleni wanawake wanafuta rangi ya mdomo. Hilo halikubuniwa: karatasi ya kura ililambwa ili ifungwe, na wanawake walionywa kwamba alama ya rangi ingeweza kuiharibu kura yao. Shangazi aliomba nirudishe nyuma aone tena midomo ile ikifutwa. Jamhuri ilishinda kwa kura milioni 12.7 dhidi ya milioni 10.7, na wanawake 21 wakaingia katika bunge la katiba lenye wajumbe 556. Noti alizoficha Delia anamwachia Marcella za kusomea.

“Sinema yao ilikufa na akina Fellini”

Fellini ni mwongozaji wao mashuhuri wa zamani. Lakini filamu hiyo ya Cortellesi haina rangi, ni nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho, na mazungumzo yake ni ya Kiroma cha mtaani. Walioiona kwenye kumbi za Italia wamepita milioni 5, mapato yakavuka euro milioni 36, na mwaka 2023 ikaishinda Barbie huko Italia. Sina la kuongeza.

“Ukijua Kiitaliano utawaelewa wote”

Hata Waitaliano hawaelewani wote. Vermiglio ya Maura Delpero, ya mwaka 2024, inazungumzwa kwa lahaja ya milimani Trentino, kaskazini mwa Italia, na huko Italia kwenyewe ilioneshwa ikiwa na tafsiri chini ya picha. Ni mwaka 1944, vita vinasikika kwa mbali, na Pietro, askari mtoro kutoka Sisilia, anajificha kijijini. Anampenda Lucia, binti wa mwalimu, wanaoana. Vita vikiisha anakwenda kwao kumwona mama yake, na barua haziji. Habari zinapofika Lucia anajua kwamba mumewe alikuwa na mke mwingine Sisilia, na kwamba mke huyo ndiye aliyemuua.

Lakini kuna jambo dogo lililonishika zaidi ya msiba huo. Mwalimu, baba mwenye watoto tele, ana uwezo wa kuendeleza masomo ya binti mmoja tu, na ndiye anayeamua ni yupi. Huyo huyo ananunua sahani za muziki wakati mkewe anapima maziwa ya watoto, na anasema muziki ni chakula cha roho. Delpero hamgeuzi kuwa shetani. Anamweka pale na mapenzi yake yote na ubinafsi wake wote. Kwa filamu hiyo Delpero alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya uongozaji ya David di Donatello, tuzo kuu za filamu za Italia, mwaka 2025.

Na Io capitano ya Matteo Garrone, iliyoteuliwa kuwania Oscar kwa niaba ya Italia, sehemu kubwa ni Kiwolofu, lugha ya Senegal. Inawafuata vijana wawili kutoka Dakar hadi baharini kupitia Libya.

“Historia yao wameshaisema yote”

Hapana, na hili linatugusa sisi. Ufashisti ndani ya Italia umepigwa picha sana. Waliyoyafanya Ethiopia, Eritrea, Libya na Somalia yameguswa kwa uchache unaosikitisha. Filamu ya mwaka 1981 kuhusu Omar al-Mukhtar, Mlibya aliyenyongwa na Waitaliano mwaka 1931, ilizuiwa Italia na haikuonyeshwa kwenye televisheni ya huko hadi mwaka 2009.

Bandari za Banadir, pwani ya Somalia, Barawa ikiwamo, Italia ilizikodi kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1892, kisha ikazinunua moja kwa moja mwaka 1905. Wabarawa walikuwa na lugha yao, Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu, na wengine wao leo wako Mombasa na Uingereza. Ninayoitamani ni filamu inayoanza jikoni Barawa mwaka ule wa 1905, mama anasonga, na mtoto anaingia mbio kutoka bandarini kumwambia bendera imebadilishwa.