Umri wa mjusi wa Tendaguru husomwa kwenye makombe

Wanaotuuliza kuhusu mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, huanza na kimo chake: mita 13 na ushee. Swali la pili ndilo zito. Mmejuaje kwamba aliishi miaka milioni 150 iliyopita?

Mfupa wenyewe hausemi. Kipimo cha kaboni, ambacho wengi hukitaja, hakifiki huko. Miaka elfu 50 hivi ikishapita, hakuna cha kupima kilichobaki. Jibu lilitoka baharini.

Tendaguru ni kilima kilichoko bara ya mji wa Lindi, kaskazini-magharibi, lakini zama hizo ndiko pwani ilikokuwa. Maji yalipanda na kurudi zaidi ya mara moja. Yakirudi, dinosaria walikufa na kuzikwa kwenye tope la ufukweni. Yakipanda, mchanga wa bahari ulilalia juu ya mifupa yao. Ndiyo maana ukishuka mtelemkoni unapita tabaka la mifupa, kisha mchanga uliojaa trigonia, kombe nene lenye umbo la pembetatu na matuta mgongoni. Chini yake mifupa tena, halafu konokono wa baharini wembamba kama misumari, halafu mifupa kwa mara ya tatu.

Viumbe wa baharini ndio waliotumika kugawa wakati wa dunia, hasa amonaiti, jamaa wa ngisi waliokuwa na gamba la kujiviringa. Walibadilika upesi na kuenea mbali, hivyo aina moja ikionekana Ulaya na Afrika, matabaka hayo mawili hulinganishwa. Kwa njia hiyo Albert Oppel, Mjerumani, aliitenga mwaka 1865 hatua ya Tithoniani, ya mwisho katika kipindi cha Jurasiki. Ilianza miaka milioni 149 hivi iliyopita. Inapoishia na Kretasia, kipindi kinachofuata, kuanza, wanajiolojia wangali wanabishana, na ubishi wenyewe ni mkali kuliko mtu wa nje anavyodhani.

Tabaka la juu la mifupa Tendaguru ni la Tithoniani. La kati ni la hatua iliyotangulia, Kimerijiani. Tofauti inaonekana kwa Dicraeosaurus, mla majani wa shingo fupi kuliko ya jamaa zake, mwenye miiba ya uti iliyogawanyika panda. Tabaka la kati lina Dicraeosaurus hansemanni, la juu lina Dicraeosaurus sattleri.

Huyu wa pili amepewa jina la Bernhard Sattler, mhandisi wa madini aliyetoa taarifa za mifupa hiyo mwaka 1906. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa Kiafrika katika msafara wa 1909 hadi 1913, hakukumbukwa hivyo hadi 2007, na kwa maoni yangu ni kuchelewa mno. Mnyama wake ni Australodocus bohetii, aliyetambuliwa kwa pingili mbili za shingo zilizotoka tabaka la juu, la Tithoniani.