Picha za zamani za Nairobi: achana na jukwaa kidogo, angalia watu wa pembeni

Kuna picha huzungushwa WhatsApp kila Desemba Jamhuri ikikaribia, ati "Nairobi 1960, mji ulikuwa msafi", halafu ukiangalia vizuri nyuma ya miti unaona KICC, lile jumba refu la mikutano katikati ya mji, imesimama pale wima. KICC ilimalizwa 1973. Yaani aliyeandika hiyo kapshoni hakuangalia picha, aliona tu haina rangi akaamua ni ya kitambo. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi picha hili linatuumiza kichwa kuliko hata picha kupotea: picha iko, ni safi kabisa, lakini hakuna anayejua ni ya lini, ni ya wapi, na hao watu ni kina nani. Kwa hivyo leo tuongee namna ya kusoma hizi picha, hasa za sherehe, na huko chini nina ombi.

Naanza na sherehe manake ndizo nyingi. Ukifungua makabati ya picha za serikali za miaka ya 50 na 60 utakutana na Nairobi ikipewa hadhi ya jiji tarehe 30 Machi 1950, Madaraka ya 1 Juni 1963, usiku wa Uhuru 12 Desemba 1963 pale tunapaita Uhuru Gardens, Jamhuri mwaka uliofuata, halafu Kenyatta Day kila 20 Oktoba (ndio Mashujaa ya siku hizi), gwaride juu ya gwaride. Mpiga picha wa serikali alitumwa kitu kimoja, mheshimiwa aonekane. Mheshimiwa akishuka kwa gari, mheshimiwa akikagua gwaride, mheshimiwa akiinua usinga. Na kapshoni nazo ni hivyo hivyo, za wakati wa mkoloni zinamtaja Gavana na cheo chake chote na bibi yake pia, halafu wale watu mia tano wamesimama juani tangu asubuhi wanaitwa "wenyeji", kwisha. Baada ya Uhuru jina la mheshimiwa likabadilika, wale wa juani wakawa "umati".

Lakini tusilaumu siasa peke yake, kuna suala la filamu ambalo watu hulisahau. Kamera nyingi za kazi za enzi hizo zilitumia rolo inayotoa picha 12 tu za mraba, na kama una ile ya 35mm unapata 36. Picha 12! Wewe saa hii unapiga chai na mandazi picha 12 kabla hujaonja. Sasa mtu ana picha 12 na bosi anangoja matokeo ofisini, hawezi kupoteza hata moja kwa mama wa njugu. Ndio maana maisha ya kila siku ni haba kwa makabati yetu, yalikuwa ghali kupiga.

Usiku ndio kubaya zaidi. Mwanga wa fleshi huisha nguvu haraka sana, mtu akisimama mbali mara mbili anapata robo tu ya ule mwanga, akiwa mbali mara tatu anapata sehemu moja kwa tisa, kwa hivyo waliokaa mstari wa mbele wanang'aa kama wamepakwa mafuta halafu nyuma yao ni giza tupu. Ukiona picha ya usiku wa sherehe inaonyesha wazee sita na weusi mtupu nyuma, usiseme watu hawakuja. Walikuwepo, mwanga tu haukuwafikia.

Sasa utamu uko kwa shiti za kontakti. Kwa wale hamjawahi kuona, zamani rolo ikishasafishwa negativu zote zinalazwa pamoja juu ya karatasi moja na kupigwa mwanga, unapata picha zote ndogo ndogo kwa mfuatano, mhariri anachukua penseli nyekundu anazungushia moja au mbili za kuchapishwa na zingine zinasahaulika. Hizo za kusahaulika ndizo mimi huanza nazo.

Chukua shiti moja ninayoipenda, ya gwaride la Jamhuri la miaka ya 60. Fremu ya kwanza mpiga picha anajaribu mwanga tu, mheshimiwa hajafika: jukwaa liko tupu, fundi mmoja amepanda juu ya kiti kilichokusudiwa mgeni rasmi, anafunga vitambaa vya rangi, na viatu vyake amevivua akavipanga vizuri chini ya hicho kiti. Fremu ya pili hadi ya tisa ni yale yale, bendi, kofia, salamu. Ya kumi kuna kelele fulani nadhani, manake kamera imegeuka na tunaona vijana watatu juu ya mti, mmoja ameshika tawi kwa mkono mmoja na muwa kwa ule mwingine. Ya kumi na moja imepigwa kutoka ndani ya gari wakirudi mjini, basi la KBS limejaa mpaka watu wananing'inia mlangoni, na pembeni mama amebeba mtoto mgongoni na huyo mtoto amelala lakini kibendera cha karatasi hajakiachilia. Ya mwisho imeungua nusu kwa kuingia mwanga, unaona gurudumu la baiskeli na mguu. Penseli nyekundu ilizungushia fremu ya nne na ya saba. Za salamu. Zile tatu za maana, kwa maoni yangu, hazikuwahi kuchapishwa hata siku moja, na zilipigwa kwa sababu mtu alikuwa anajaribu mwanga au anamaliza filamu.

Kwa hivyo sheria yangu ni hiyo, kwenye rolo yoyote angalia mwanzo na mwisho. Hata kwa albamu ya nyumbani ni vile vile, harusi ikiisha zinabaki picha tatu, mtu anazimaliza nyumbani, ndio unapata jikoni, redio ya mbao, kalenda ya ukutani, jirani amekuja kuazima kitu.

Haya, umepata picha haina tarehe. Unaanzia wapi? Anza na majengo, ni mashahidi wasiobishana. Ule mnara wa duara wa Hilton ulifunguliwa 1969, kama uko basi picha ni ya hapo ama baadaye. Uhuru Park nayo ni 1969, mtu akikuambia hiyo ni sherehe ya Uhuru 1963 pale Uhuru Park mwambie polepole kwamba haiwezekani. KICC tumeshasema. Halafu soma mabango, Tom Mboya Street ilikuwa Victoria Street na ilibadilishwa baada ya Mboya, aliyekuwa waziri, kuuawa Julai 1969, Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue na sanamu ya Delamere mwenyewe, yule mlowezi mkubwa wa Kizungu, ilikuwa imekaa pale mpaka Uhuru ulipokuja wakaiondoa, na Moi Avenue ilibaki Government Road miaka yote ya Mzee Kenyatta. Duka likiwa na bango la Government Road hilo tayari limekupunguzia kazi. Na namba za gari: kama ni herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, hilo gari lilisajiliwa kabla ya mwisho wa miaka ya 80. Usiniambie tu gari lenyewe ni la zamani kwa hivyo picha ni ya zamani, Peugeot 404 zilitembea hapa miaka na miaka.

Nguo husaidia lakini hudanganya pia, mtu anaweza kuvaa koti la babake. Kanga ni bora kidogo, kuna zilizotolewa kwa ajili ya sherehe fulani na zina maandishi, kwa hivyo chukua kioo cha kukuzia usome, ukipata neno Uhuru ama sura ya kiongozi umeshapata upande mmoja wa tarehe. Na picha za wafanyakazi wa kabla ya vita vya pili, angalia shingoni. Kile kikebe kidogo cha chuma kimening'inia kwa kamba ni cha kutilia kipande, ile karatasi ya utambulisho ya mkoloni yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba kuanzia karibu 1920. Mtu anaweza kuwa anacheka kwa picha, amevalia vizuri siku ya sikukuu, na kikebe kiko pale pale kifuani.

Mwisho geuza picha. Nyuma ndiko kuna muhuri wa studio, namba ya negativu, wakati mwingine "kwa dada mpendwa, nikumbuke". Watu wanaoskani mbele tu wananikera, samahani, lakini nyuma ya picha ni nusu ya picha.

Na hapo kwa studio tusimame kidogo, kwa sababu picha nyingi tunazoziita za maisha ya kawaida kwa kweli ni za sikukuu. Watu walienda studio Idi, Krismasi, mtoto akimaliza shule, mtu akipata kazi ya kwanza. Pwani kulikuwa na kina N. V. Parekh pale Mombasa tangu 1942, na Bakor Lamu, na Nairobi studio zilijaa River Road na mitaa ya karibu, unakuta pazia limechorwa ndege au bustani, maua ya plastiki, simu isiyo na waya wowote, na koti la studio ambalo ukipanga picha kumi mezani unaliona kwa watu wanne tofauti. Wengine wanasema hiyo ni uongo. Mimi nasema inakuambia mtu alitaka kuonekana vipi, na hiyo nayo ni historia, tena gwaride haliwezi kukupa. Halafu walikuja wale wa kamera shingoni pale KICC na Uhuru Park, mgeni kutoka ushago anasimama jengo liwe nyuma yake, analipa, anaandika anwani ya posta na picha inamfuata nyumbani. Simu zimewamaliza, wamebaki wachache.

Mnaona basi shida iko wapi. Makabati ya umma yana majukwaa mengi na maisha kidogo, na maisha yenyewe yako kwenu, kwa sanduku chini ya kitanda cha nyanya. Si masihara, Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyepiga picha za harakati za uhuru mpaka akafanyia kazi jarida la Life, aliuawa 1968 akiwa kwenye vita vya Biafra kule Nigeria, na kazi yake nyingi ilikaa kimya miaka mingi hapa hapa Nairobi ndani ya gereji kabla ya jamaa yake kuifikia. Kama ya mtu wa kiwango hicho ilikaa gereji, hebu fikiria za mjomba wako aliyekuwa na kamera pale Kaloleni ama Pumwani.

Ombi langu ni hili, kaa na wazee na hizo picha sasa. Usiulize "huyu ni nani" peke yake, uliza nani aliipiga, walikuwa wanatoka wapi, nani alikuwepo na hakuingia kwa picha, wimbo gani ulikuwa unachezwa, hiyo nguo ilishonwa wapi. Rekodi sauti kwa simu. Halafu andika majina nyuma kwa penseli laini, taratibu, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu, kutoka kushoto kwenda kulia. Biki hapana, wino hupenya na kutokea mbele.

Kuhusu kuzitunza, adui ni joto, unyevu na mwanga, kwa hivyo dari chini ya mabati ni mahali pabaya na ukutani jua likipiga pia ni pabaya. Ile ngozi inayobeba picha ni jelatini, inatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, ndiyo maana mende wanaila. Usifanye laminesheni, usibandike selotepu, na zile albamu za kurasa za gundi zilizopendwa sana miaka ya 80 zinaharibu polepole. Mtashangaa picha ya nyanya ya 1958 isiyo na rangi iko sawa kuliko ya harusi ya 1979 ya rangi, hiyo ni kwa sababu ya kwanza imetengenezwa kwa fedha yenyewe, ile madini, na ya pili kwa rangi za kemikali ambazo moja huisha haraka kuliko zingine na kila mtu anabaki mwekundu. Ukifungua sanduku la negativu likanuka siki, zinaoza, zitenge na zingine siku hiyo hiyo manake ule mvuke unaambukiza. Na picha ikigandana na kioo cha fremu usiivute, iskani hivyo hivyo ikiwa ndani.

Albamu nayo usiipasue kugawana ndugu, ule mpangilio wa kurasa ni habari, aliyezipanga alijua ipi inafuata ipi. Skani kurasa nzima kwanza kwa dpi 600 hivi (yaani vidoti 600 kwa kila inchi), kisha picha moja moja, mbele na nyuma. Hizi programu za kupaka picha rangi tumia ukitaka kufurahisha grupu, lakini ule wekundu wa unifomu imejibunia yenyewe, kwa hivyo weka ya asili kando na jina lake. Na ukimtumia binamu yako wa Mombasa atambue sura, tuma kama dokumenti, usitume kama picha, manake WhatsApp inaibana mpaka nyuso za pembeni zinakuwa ukungu, na hao wa pembeni ndio tunawatafuta.