Bayomaka na mabaka ya jua: lipi litageuka kansa?

Mama mjamzito akienda kliniki, mkojo wake hupimwa kuangalia kama una protini. Protini yenyewe si ugonjwa, lakini ikionekana humtahadharisha mkunga kwamba huenda kifafa cha mimba kinanyemelea, hata kama mama anajisikia mzima kabisa. Kitu cha namna hiyo, kinachopimika mwilini na kueleza kinachoendelea au kinachokuja, ndicho bayomaka.

Huku kanda ya ziwa ipo moja tungeihitaji mno: ya mabaka ya jua. Mwanza iko karibu na Ikweta, nyuzi 2 na nusu hivi kusini, na ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale ya urujuanimno ni mikali mwaka mzima. Mtu mwenye ualbino anayeshinda akianika dagaa Ukerewe hana melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kumkinga. Taratibu hutokea vibaka vikavu masikioni, mdomoni, shingoni na migongoni mwa viganja. Ukivipapasa vinakwaruza kama msasa. Kitaalamu huitwa keratosisi ya jua. Bado si kansa, ila baadhi hugeuka kuwa kansa ya ngozi, na kwa wenye ualbino hilo hutokea mapema, hata ujanani.

Tatizo liko kwenye hilo neno “baadhi”. Mtu mmoja anaweza kuwa na mabaka mengi. Mengine yakabaki vilevile, mengine yakapotea yenyewe, moja likachimba kwenda ndani. Makadirio mengi huweka uwezekano wa baka moja kugeuka ndani ya mwaka chini ya asilimia 1. Lakini tafiti hizo kwa sehemu kubwa ziliwahusu wazee weupe wa Australia, Ulaya na Marekani, na mimi nisingethubutu kumsomea mvuvi mwenye ualbino takwimu hizo kana kwamba ni zake.

Jeni iliyochunguzwa sana ni p53. Kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike mpaka irekebishwe, au kuiua. Jua huiharibu kwa namna inayotambulika: herufi C za DNA hugeuka T, wakati mwingine mbili zilizo jirani kwa mpigo. Hapo humsingizii mtu, ni jua. Bahati mbaya seli zenye p53 mbovu hupatikana hata kwenye ngozi iliyochomwa na jua lakini bado inaonekana nzima. Kwa hiyo inatueleza yaliyopita vizuri kuliko yajayo.

Nyingine ni Ki-67, protini inayoonekana ndani ya seli zinazogawanyika. Maabara hukata kipande chembamba cha baka, hukitia rangi, na viini vya seli hizo huonekana vya kahawia kwenye darubini. Katika ngozi ya kawaida viko chini chini. Baka likichacha hupanda hadi tabaka za juu.

Lakini ili upime lazima ukate, na baka dogo likishakatwa limeondoka. Hutajua kamwe lingekuwa nini. Ndiyo maana watafiti wengi hulazimika kulinganisha mabaka ya watu tofauti, yaliyo katika hatua tofauti, badala ya kulifuata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwangu mimi hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko uhaba wa mashine, na ndiyo sababu mojawapo ya bayomaka hizi kutoingia bado kwenye matibabu ya kila siku.

Kwa sasa daktari habahatishi lipi litageuka. Hugandisha yale anayoyaona kwa naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, au hutoa krimu ya fluorourasili pale mabaka yanapokuwa yametapakaa. Anayokata na kupeleka maabara ni yale yaliyoanza kuwa manene na magumu kwenye shina, yanayouma yakibonyezwa, yanayokua haraka, yanayotoka damu, au yaliyogeuka vidonda visivyopona.