Nani anapeleka habari zetu?

Swali hilo huletwa kwenye meza yetu ya msaada wa sheria hapa Lubumbashi, Kongo, kuliko maswali ya kasho (mahabusu) na ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) yote pamoja. Vijana wa kikundi kinachodai maji mtaani kwao, Katuba, wanaingia watatu, wanafunga mlango, wanatoa simu. Kwenye kikundi chao cha WhatsApp imezagaa picha ya maongezi, eti mtunza hazina wao anapeleka habari "kule juu". Wanataka nithibitishe. Siwezi, na hakuna mwanasheria anayeweza kwa kutazama picha ya simu. Lakini historia ya karatasi za namna hiyo naijua, na huwa nawasimulia hiyo kabla sijafungua Katiba.

Usiku wa tarehe 8 Machi 1971, watu wakifuatilia pambano la ngumi la Muhammad Ali na Joe Frazier kule New York, raia wachache walivunja ofisi ndogo ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, katika mji wa Media, jimbo la Pennsylvania. Walibeba majalada, wakayatuma magazetini. Humo ndimo lilimotoka jina ambalo umma wa Marekani haukuwa umelisikia: COINTELPRO. Ulikuwa mpango wa siri ulioanza 1956 chini ya mkuu wa FBI, J. Edgar Hoover, kwanza dhidi ya wakomunisti, baadaye dhidi ya watu Weusi waliodai haki zao na wapinzani wa vita vya Vietnam. Karatasi moja kati ya hizo iliwahimiza maofisa wazidishe kuwahoji wanaharakati, kusudi woga uwakolee, waamini kwamba nyuma ya kila sanduku la posta amesimama mtu wa FBI.

Maneno hayo huwa nawasomea vijana mara mbili. Hakuna serikali yenye watu wa kutosha kusimama nyuma ya kila sanduku. Kazi hiyo hufanywa na woga wenu wenyewe, bila mshahara.

Martin Luther King, kiongozi wa madai ya haki za watu Weusi, alitegewa vinasa sauti katika hoteli alizolala, na Oktoba 1963 waziri wa sheria, Robert Kennedy, aliidhinisha simu zake zisikilizwe. Novemba 1964 FBI ilimtumia barua isiyo na jina pamoja na kanda ya sauti. King aliielewa barua ile kuwa inamtaka ajiue. Mwezi uliofuata alikuwa Oslo akipokea tuzo ya Nobel. Kwa wanaharakati wasio na jina kubwa, njia ilikuwa rahisi zaidi: maofisa walighushi barua, wakapandikiza uvumi kwamba fulani ni mpelelezi, hali fulani huyo alikuwa mwaminifu kabisa. Wenzake walimaliza kazi iliyobaki. Tunayajua haya kwa kuwa kamati ya seneta Frank Church ilichunguza majalada hayo mwaka 1975 na 1976, ikayaandika wazi. Na Ali, yule yule tuliyempokea Kinshasa mwaka 1974, naye mawasiliano yake yalisikilizwa na idara nyingine ya ujasusi. Hati zilizofunguliwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba hata seneta Church mwenyewe alikuwa katika orodha ya waliosikilizwa.

Vijana hunijibu kwa methali: kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli, wapelelezi wapo. Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, mwenye miaka 21, aliuawa na polisi kitandani kwake Chicago tarehe 4 Desemba 1969. Ramani ya nyumba yake ilikuwa imetolewa kwa FBI na William O'Neal, na O'Neal ndiye aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa kikundi chao. Hapo ndipo ninapowaomba vijana wasimame kidogo. Aliyepewa kazi ya kulinda kikundi dhidi ya wapelelezi ndiye aliyekuwa mpelelezi. Ukiunda kamati ya kuwinda wasaliti, anayeweza kuingia kwanza na kupiga kelele kuliko wote ni yule unayemtafuta.

Na sisi wa Lubumbashi hatuna haja ya kwenda Chicago kujifunza hili. Mei 1990, siku chache baada ya Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili, wanafunzi wa chuo kikuu hapa mjini waliwashika na kuwapiga wenzao walioshukiwa kupeleka habari kwa utawala. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei watu wenye silaha walivamia kampasi. Serikali ilikubali maiti mmoja tu, wengine wakataja wengi zaidi, na hesabu ile inabishaniwa mpaka leo. Damu ile ni juu ya waliotumwa na waliowatuma. Hakuna kipigo cha wanafunzi kinachoweza kuihalalisha. Hata hivyo nawasihi vijana wasiguse mwili wa mtu kwa tuhuma, hata siku moja. Kwanza ni dhuluma kwa huyo mtu. Pili, siku hiyo madai yenu ya maji yanakwisha, inabaki kesi ya jinai.

Kinga ya kikundi ni kuwa na siri chache. Kifungu cha 26 cha Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 kinahakikisha uhuru wa kuandamana, na kinawataka waandaaji waiarifu serikali kwa maandishi. Kimeandika kuarifu, hakikuandika kuomba ruhusa. Pelekeni barua, mara nyingi ni kwa meya, na mrudi na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Tarehe, njia na madai yakiwa tayari mezani kwa meya, mpelelezi atauza nini? Hesabu za pesa pia zisomwe mbele ya wote, kila mwezi. Mtunza hazina ambaye daftari lake liko wazi ni vigumu kumzushia.

Kifungu cha 31 kinalinda faragha na siri ya mawasiliano, na kinaruhusu kuvunjwa pale tu sheria inaposema. Msikiegemee peke yake. Kampuni ya simu inajua laini yako iko karibu na mnara upi hata usipopiga. Tena mara nyingi hakuna haja ya mitambo: simu moja isiyofungwa, ikishikwa, inatoa majina ya kikundi kizima. Kwa hiyo majina ya mashahidi, wagonjwa na watoto yasiandikwe humo kamwe.

Mtu akikamatwa, kifungu cha 18 kinadai aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, na awasiliane mara moja na familia au avoka (wakili) wake. Kushikiliwa kusipite saa 48; baada ya hapo aachiliwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya mahakama inayohusika. Najua yanayotokea. Machi 2015 Fred Bauma wa LUCHA, harakati iliyozaliwa Goma mwaka 2012, na Yves Makwambamba walikamatwa Kinshasa, wakakaa mikononi mwa idara ya usalama zaidi ya mwezi kabla ya kupelekwa gerezani, wakatoka Agosti 2016. Lakini saa 48 zisipohesabiwa na mtu, avoka hana pa kushika. Kifungu cha 17 nacho kinakataza kumkamata mtu kwa kosa la mwingine. Wakija kumchukua mdogo wako kwa sababu wewe hukuwepo, mama nyumbani akitaje kifungu hicho kwa namba, kwa sauti ya heshima.

Wale watatu wa Katuba walifuta ile picha. Niliwapa karatasi moja ya kubandika nyuma ya mlango wa kila mwanachama: namba ya avoka, jina la mtu wa kumwarifu, na mstari mtupu wa kujaza kwa wino, dakika ile ile, saa aliyokamatwa. Jioni mtunza hazina alikuja mwenyewe kuchukua yake.