Kura Nyingi, Viti Vichache: Muungano wa Patto per l'Italia wa 1994

Mapema mwaka 1994 makundi mawili ya mrengo wa kati nchini Italia yaliungana kwa jina la Patto per l'Italia, yaani Mkataba kwa ajili ya Italia. La kwanza lilikuwa Partito Popolare Italiano, chama cha Mino Martinazzoli kilichorithi Demokrasia ya Kikristo baada ya kashfa za rushwa zilizofumuka Milano mwaka 1992. La pili lilikuwa la Mario Segni, mwanasiasa wa Sardinia aliyekihama chama hicho cha zamani akidai mageuzi ya uchaguzi.

Segni huyohuyo ndiye aliyeongoza kampeni ya kura ya maoni ya Aprili 1993, ambapo zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura waliunga mkono kuachana na mfumo wa uwiano, yaani kugawa viti kulingana na asilimia ya kura, katika uchaguzi wa Seneti. Bunge likatunga sheria inayoitwa kwa jina la Sergio Mattarella, ambaye baadaye alikuwa Rais: robo tatu ya viti vishindaniwe jimbo kwa jimbo, na anayeongoza atwae kiti hata asipofikisha nusu ya kura, kama wanavyochaguliwa wabunge wa majimbo Kenya na Tanzania.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 na 28 Machi. Orodha za muungano zilipata takriban asilimia 15.8 ya kura za Baraza la Wawakilishi, lakini katika majimbo 475 ulishinda manne tu, na jumla ya viti vyake ikawa 46 kati ya 630. Lega Nord, chama cha kaskazini mwa nchi, kwa asilimia 8.4, ilipata viti 117, kwa sababu wapiga kura wake walijikusanya kaskazini na wagombea wake walibebwa pia na kura za washirika wao wa Forza Italia, chama cha mrengo wa kulia cha Silvio Berlusconi. Kura za Patto zilitawanyika nchi nzima, na wagombea wake wengi wakaachwa nyuma na wale wa mrengo wa kulia na wa kushoto. Segni mwenyewe alishindwa Sassari, akaingia bungeni kupitia viti vya uwiano, masalia ya mfumo alioupiga vita.

Wengi humlaumu Martinazzoli kwa udhaifu wa kampeni. Mimi naona kampeni bora isingebadili mengi, maadamu muungano ulikataa kushirikiana na upande wowote chini ya sheria isiyomjali wa tatu. Martinazzoli alijiuzulu mara baada ya matokeo. Mwaka 1995 chama chake kiligawanyika: Rocco Buttiglione na wenzake walikwenda kwa Berlusconi, waliobaki wakamuunga mkono Romano Prodi, mgombea wa mrengo wa kati-kushoto, aliyeshinda uchaguzi wa 1996.