Udhibiti wa mzazi kwenye simu ya kijana: unafanya nini na unaishia wapi

Udhibiti wa mzazi ni mipangilio ya simu au ya programu inayompa mzazi au mlezi usemi juu ya simu anayotumia mtoto: programu gani ziwekwe, zitumike kwa muda gani, simu ijifunge saa ngapi usiku, na watu gani waweze kumtumia mtoto ujumbe. Wazazi wengi ukiwauliza watakuambia udhibiti ni kusoma meseji za mtoto. Huo ni ufuatiliaji, na ni jambo jingine. Kuna mzazi anamlipa fundi simu ili "amuunganishie" WhatsApp ya binti yake, anaondoka ameridhika kwamba sasa anajua kila kitu, wakati binti bado anafikiwa na yeyote mwenye namba yake. Hakuna mpaka hata mmoja uliowekwa.

Tuanze na mipaka, maana ndiko kwenye faida kubwa.

Kwa simu za Android, chombo cha kuanza nacho ni Family Link ya Google, ambayo ni bure. Mzazi anaiweka kwenye simu yake, anaiunganisha na akaunti ya Google ya mtoto, na kuanzia hapo mtoto akitaka kupakua programu mpya, ombi linakuja kwa mzazi. Mzazi anaweza kuipa programu moja dakika 45 kwa siku, kuizuia kabisa, au kupanga simu ijifunge saa tatu usiku na kufunguka asubuhi. Kijana ambaye tayari ana akaunti yake anawekewa usimamizi huo kwa ridhaa yake. Kwenye iPhone mipangilio ya aina hiyo imo ndani ya simu yenyewe tangu mwaka 2018.

Kwa watu wa Mwanza, kuweza kupanga haya ukiwa mbali si jambo dogo. Mama anakwenda Ukerewe au Ukara kununua dagaa mialoni, anarudi baada ya wiki, na mtoto wa kidato cha pili amebaki Igoma kwa bibi yake akiwa na simu mkononi. Bibi anaona mjukuu amejifunika shuka gubigubi. Hajui kama amelala au anachati. Ratiba ya kulala inamwondolea bibi ugomvi huo. Ila iwekwe kabla ya safari, kwa sababu mabadiliko yanayofanywa kisiwani hayafiki kwenye simu ambayo data imezimwa au bando limekwisha.

Vyombo hivi lakini vimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila mtoto ana simu yake. Nyumba nyingi za Buhongwa na Nyakato haziko hivyo. Simu janja ni moja, ya mama, na jioni inazunguka kwa watoto watatu. Kwa simu ya namna hiyo kinachosaidia ni kuzifungia kwa namba ya siri programu ambazo ni za mama peke yake, na simu irudi kwa mwenyewe watoto wakienda kulala. Kwenye simu nyingi kazi hiyo haihitaji programu yoyote ya kupakua.

Sasa tuje kwenye ujumbe wenyewe. Family Link inaweza kuizuia WhatsApp au kuipunguzia muda, lakini haioni kilichoandikwa ndani yake. Sababu ni kwamba tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa msimbo kwenye simu ya anayeutuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayeupokea tu. Njiani hakuna anayeweza kuusoma, hata kampuni yenyewe. Kwa hiyo anayetaka kusoma mazungumzo ya mtoto lazima aingie kwenye simu mojawapo kati ya zile mbili. Mitandao mingine imechagua njia ya katikati. Snapchat tangu mwaka 2022 inamruhusu mzazi aliyeunganishwa kuona mtoto amewasiliana na nani katika siku saba zilizopita, bila kuona walichoambiana. Instagram ilifuata njia hiyohiyo ilipoanzisha akaunti za vijana mwaka 2024: akaunti inakuwa ya faragha tangu mwanzo, na asiye na uhusiano na kijana hawezi kumtumia ujumbe. TikTok haimpi kabisa uwezo wa ujumbe binafsi mtu wa chini ya miaka 16, ilimradi umri aliouandika ni wa kweli. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: mtoto wa miaka 12 anajiandikisha kuwa ana 19, na ulinzi wote uliotengenezwa kwa ajili yake haumhusu tena. Ukikagua kitu kimoja tu leo, kagua tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye akaunti zake.

Akaunti ya kawaida ya WhatsApp inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na mipaka yake mikubwa inakaa kwenye sehemu ya faragha, mle mle ndani ya simu ya mtoto. Muhimu kuliko yote ni ule wa magrupu. Grupu moja linaweza kubeba watu 1,024, na kila aliyemo anaona namba za wenzake. Mtoto akiingizwa kwenye grupu la kubashiri mechi au la kuuza nguo, namba yake imegawiwa kwa mamia ya watu wazima asiowajua. Mama mwenye gunia zake za dagaa pale Mwaloni Kirumba anaweza kulimaliza hili akiwa amekaa na mwanawe, dakika tano hazifiki. Wanafungua mipangilio, faragha, kisha vikundi. Pale panaposema kila mtu anaweza kumwingiza, wanabadilisha wabaki walio kwenye orodha yake ya majina.

"Mama, sasa wenzangu wa tyusheni ambao sijawasevu?"

"Watakutumia mwaliko, mwanangu. Utaangalia ni grupu gani, ukitaka unaingia, usipotaka unaacha."

Ni kweli, ndivyo inavyofanya kazi. Hapo hapo wanaweza kuzima mlio wa simu za WhatsApp kutoka namba zisizojulikana, na kuweka picha yake ionekane kwa anaowafahamu peke yao. Kama kijana anatumia GBWhatsApp au toleo jingine lisilo rasmi, liondolewe. Matoleo hayo hayatoki kwa wenye WhatsApp, na hakuna anayeweza kukuhakikishia meseji na picha zinapelekwa wapi.

Ufuatiliaji wa siri ndio unaouzwa kwa maneno matamu: "haionekani", "hatajua kamwe". Programu hizo huomba ruhusa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasioona, ya kusoma kila kinachotokea kwenye kioo cha simu, kisha hupeleka yote kwenye kompyuta za kampuni iliyoko nchi nyingine. Picha za mwanao, mahali alipo, maneno aliyomwambia rafiki yake, vyote vinakaa kwa watu usiowajua. Wateja wa mSpy, mojawapo ya programu hizo, walijikuta taarifa zao zimevuja mwaka 2015, zikavuja tena 2018, na tena 2024. Duka la Google Play lenyewe linataka programu ya mzazi kumfuatilia mtoto ioneshe alama muda wote kwenye simu ya mtoto. Inayojisifu kwa kujificha imeshakwepa sharti hilo.

Njia nyingine inayopendwa na mafundi ni kuunganisha WhatsApp ya mtoto na simu au kompyuta ya mzazi. Ninaomba wazazi wafikirie vizuri kabla ya kuitumia kwa siri. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi, na vyote vinaonekana kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kijana wa kidato cha tatu anaijua orodha hiyo kuliko baba yake. Atakitoa kifaa chako, halafu mazungumzo yatahamia kwenye simu ya rafiki, au yatawekewa muda wa kujifuta baada ya saa 24. Usiku ukiichukua simu yake utaikuta safi, na utalala ukiamini mambo ni shwari. Afadhali umfundishe kuikagua orodha hiyo kila wiki, kwa sababu mlango ambao fundi alikufungulia wewe, mpenzi mwenye wivu au tapeli aliyeshika simu yake kwa nusu dakika anaupita pia.

Kuna na haki ya mtoto. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya Tanzania inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtaja mtoto kuwa ni mwenye umri chini ya miaka 18, inampa mzazi wajibu wa kumlinda. Mimi nayasoma mawili haya pamoja: mlinde, na ajue unamlindaje. Mtoto wa miaka 13 aliyepewa simu kwa mara ya kwanza anaweza kuambiwa wazi kwamba mzazi ataiangalia simu, mchana, wakiwa wote wawili. Kijana wa miaka 17 anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne akisomewa meseji zake namna hiyo hatakuja kwako siku atakapotishwa, na siku hiyo ndiyo unayoihitaji kuliko meseji zote ulizosoma.

Zipo nyakati ambapo kusoma ni lazima. Mtu mzima anamtumia mtoto hela ya vocha na kumtaka wakutane. Mtu ana picha yake ya utupu na anataka pesa, la sivyo itasambaa kama konekisheni, zile picha na video za utupu zinazovujishwa mtandaoni. Hapo soma, lakini soma mtoto akiwa pembeni yako, na jambo la kwanza liwe kumwambia kwamba hujaja kumpiga. Msimlipe anayetishia, akilipwa anaomba tena. Msifute chochote kwa hasira wala aibu. Pigeni skrinishoti ya namba, vitisho na tarehe kabla ya kumbloki. Picha ya utupu ya mtoto usimtumie shangazi wala mjomba ili "aone mwenyewe", hata kama nia ni njema, kwa sababu kusambaza picha ya namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Acheni ilipo, na simu ipelekwe hivyo hivyo Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Anayeogopa kuanzia polisi aanze na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, na kitochi kinatosha.