Je, wajua kwa nini Wi-Fi inayoshika kwenye Windows hugoma kwenye Linux ya kompyuta ileile?

Diski moja imebeba mifumo miwili. Ukiwasha Windows, Wi-Fi inashika mara moja. Ukiingia Linux, hata orodha ya mitandao haionekani. Kadi ni ileile na antena ni zilezile. Kulikoni?

Wengi hudhani kadi imeharibika, lakini dhana hiyo hufa yenyewe wakirudi Windows. Dhana sugu ni ya pili: kwamba ukiichukua draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyoko upande wa Windows na kuinakili upande wa Linux, mambo yatakuwa shwari. Ina mantiki yake. Draiva ni ya kadi, kadi haijabadilika, faili limo kwenye diski hiyohiyo, na Linux inaweza kabisa kulisoma. Tatizo liko pale mwanzo, kwenye "draiva ni ya kadi".

Draiva haikai ndani ya kadi. Ni programu inayoingia kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kushughulika na keneli hiyo: kuiomba kumbukumbu, kuitikia kadi inapoashiria kwamba data imefika, kuzikabidhi pakiti, yaani vifurushi vya data, kwa sehemu inayosimamia mtandao. Ni kama mkalimani aliyekaa kati ya mgeni, ambaye ni kadi, na mwenyeji, ambaye ni mfumo. Mpeleke mgeni huyo kwa mwenyeji mwingine asemaye lugha nyingine. Mkalimani bado anamwelewa mgeni vizuri, ila akigeuka upande wa pili haeleweki hata neno. Isitoshe, Linux ni mwenyeji anayebadilisha lugha yake ya ndani toleo hadi toleo, tena kwa makusudi. Ndiyo maana wakalimani wake wengi huishi nyumbani kwake: draiva huja pamoja na keneli na kurekebishwa pamoja nayo, badala ya kupakuliwa mojamoja kutoka kwa mtengenezaji.

Wapo waliojaribu kulazimisha. Programu iitwayo NDISwrapper iliigiza ndani ya Linux vipande vya keneli ya Windows, hadi draiva ya Wi-Fi ya enzi za Windows XP ikajiona iko kwao. Kwa baadhi ya kadi ilifanya kazi kweli, jambo ambalo bado linashangaza.

Kwa hiyo kinachovuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni namba. Kila kifaa cha PCI, yaani njia ya kuunganisha vifaa ndani ya kompyuta, kina namba mbili za tarakimu nne: ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe. Kwenye Windows utazikuta katika Device Manager, sehemu ya Hardware Ids, zimeandikwa mfano PCI\VEN_8086&DEV_2723. Kwenye Linux, amri ya lspci -nn itakuonyesha 8086:2723. Hiyo ni Intel AX200. (8086 ni Intel, na ndilo pia jina la chipu yao ya mwaka 1978; mtu alijifurahisha.) Tafuta kwa namba hizo, usitafute kwa jina lililoandikwa kwenye boksi, maana jina moja la biashara linaweza kubeba chipu tofauti toleo hadi toleo.

Ukishaijua namba, mengine hufunguka. AX200 hutumia draiva iitwayo iwlwifi, na huhitaji keneli 5.1 au mpya zaidi. Kama keneli inatosha na bado kimya, soma dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli: huenda draiva ipo na inalalamika kwamba haioni faili linaloanza na iwlwifi-cc-a0. Hilo ni femwea, programu inayopakiwa na kuendeshwa ndani ya kadi yenyewe.

Na hapo ile dhana sugu inapata haki kidogo. Kwa kuwa femwea huendeshwa na kadi, haijali mwenyeji ni nani. Kwa kadi za zamani za Broadcom kulikuwa na kifaa, bcm43xx-fwcutter, kilichochonga femwea kutoka ndani ya draiva ya Windows ili Linux iitumie. Siku hizi kazi hiyo ni nadra. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa mfano, huweka femwea za aina hii kwenye kisakinishi chake rasmi tangu toleo la 12, mwaka 2023. Ukilikosa faili na huna mtandao wa kulipakulia, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na ushiriki intaneti yake. Kwa kawaida Linux huitambua bila kuongezewa chochote.

Kabla ya yote hayo, hakikisha Windows ilizimwa kweli. Fast Startup, kipengele cha Windows cha kuwaka haraka, hulaza keneli badala ya kuizima, na baadhi ya kadi huachwa katika hali ambayo Linux hushindwa kuziamsha. Si kadi zote, na dalili hutofautiana, lakini kupima ni rahisi: shikilia Shift unapobofya Shut down, kisha uwashe moja kwa moja kwenye Linux.